Je, Tulipiga Hodi?

Wiki ijayo, siku ya Alhamisi, nitapanda basi kutoka Kampala kwenda Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, pamoja na wanafunzi wenzangu wa ushirika wetu wa Kikristo hapa chuoni. Tunakwenda kufanya misheni ya siku chache katika kijiji kimoja cha mkoa wa Kagera, ng'ambo ya daraja la Kyaka. Mimi ndiye mkalimani. Katika kundi letu ni mimi peke yangu ninayesoma Kiswahili kama somo, kwa hiyo ilipoamuliwa kwamba tunakwenda Tanzania, jina langu liliandikwa la kwanza, hata kabla sijaulizwa kama nina nafasi.

Maandalizi yametuchukua miezi mitatu. Tumetafuta hati za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano, tumefanya mazoezi ya nyimbo, tumefunga na kuomba. Katikati ya maandalizi hayo lilinijia swali moja ambalo halikuwa kwenye orodha yetu, nalo ndilo ninalotaka kulijadili katika insha hii. Je, mtu ana haki ya kwenda katika nchi ya watu wengine kwa siku chache, kuwaambia namna ya kuishi na namna ya kumwabudu Mungu, kisha akarudi kwao? Na kama anayo haki hiyo, ameipata wapi?

Siulizi kama mtu aliyesimama pembeni. Mimi ni muumini, na nitakwenda. Ndiyo maana swali hili linanisumbua. Asiyesafiri anaweza kulijibu kwa urahisi akiwa amekaa kivulini.

Nianze na upande wa wanaosema kwamba safari kama hizi ni njema, kwa sababu mimi mwenyewe ni tunda la safari ya namna hiyo. Nilizaliwa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na urafiki wao na wa wenzao ulikua uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na waumini wake wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1935 timu kutoka Gahini ilikuja Kabale kwa mkutano wa siku chache. Baba wa bibi yangu alikuwepo.

Bibi yangu hakuwa amezaliwa bado, lakini kisa hicho alikisikia kwa baba yake mara nyingi. Alisema kwamba wageni wale hawakuanza kwa kuwaambia watu wa Kabale makosa yao. Walianza kwa kusimama mbele ya watu na kutaja makosa yao wenyewe, moja baada ya jingine, mpaka wasikilizaji wakaona aibu kwa niaba yao. Baada ya mkutano baba wa bibi alirudi nyumbani, akachukua jembe alilokuwa amemwibia jirani, akampelekea mchana kweupe, watu wakiona. Jirani alilipokea jembe, akamtazama, akamwambia aingie ndani anywe uji. Ukoo wetu uliingia katika imani kupitia mlango huo.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba ubaya wa safari za misheni ni ufupi wake. Siku chache zinaweza kutosha kubadilisha maisha ya mtu. Kama ubaya upo, umejificha mahali pengine.

Wengine wanasema ubaya ni pesa. Hoja hii nimeipima kwa uzito, kwa sababu imenigusa mfukoni. Kila mmoja wetu alitakiwa kuchanga shilingi 350,000. Mara 14, hiyo ni shilingi 4,900,000. Mwanafunzi mwenzangu wa bwenini aliniuliza kwa nini tusiwatumie wenyeji pesa hizo kwa simu, wanunue mabati, nasi tubaki hapa tusome. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba mtu hatumwi kwa simu. Akaniambia kwamba mabati hayahitaji mtu.

Wiki ileile mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mjomba wangu alikuwa ameshanipa shilingi 150,000 za misheni. Nilimpigia simu nikamwomba ruhusa nimlipie mdogo wangu ada kwa pesa zile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alizitoa kwa kazi ya Mungu, wala si kwa shule. Nilitii. Mdogo wangu alikaa nyumbani siku tisa, mpaka mama alipouza maharage. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Ninachojua ni kwamba niliuliza kabla ya kutumia, kwa sababu pesa zilikuwa na mwenyewe. Kumbe wakati huohuo nilikuwa nikishiriki kupanga siku, chakula na vitanda vya watu wengine bila kuwauliza lolote.

Jambo hilo nililigundua kupitia kazi yangu ya ukalimani. Kiongozi wetu aliandika barua kwa Kiingereza ya kuwajulisha wenyeji kwamba tunakuja, akanipa niitafsiri. Barua ilitaja tarehe ya kufika, idadi yetu, na mambo tutakayofanya: mikutano ya injili kila jioni, kupaka rangi jengo la kanisa, kugawa nguo. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba lengo letu ni kuwaleta kwa Kristo watu 100, ila hakutumia neno watu. Alitumia neno la Kiingereza la roho, kama wahubiri wengi wanavyofanya, na kitenzi chenye maana ya kushinda na kutwaa. Nami nikatafsiri kama mwanafunzi mwenye haraka: "Tunakuja kuchukua roho 100 kwa ajili ya Kristo."

Nilimpelekea mwalimu wangu anisahihishie. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani. Akaniambia, "Mtu akiniandikia kwamba anakuja kijijini kwangu kuchukua roho 100, sitamwandalia chai. Nitakimbia." Sote wawili tulicheka sana. Kwa Kiswahili anayechukua roho za watu ni malaika wa mauti. Nilisahihisha sentensi ile, nikaandika kwamba tunatumaini watu wengi watamjua Kristo, barua ikatumwa.

Lakini kicheko kilipokwisha, sentensi yangu mbaya ilibaki kichwani. Nilianza kujiuliza kama kosa lilikuwa langu peke yangu. Labda tafsiri yangu ilisema waziwazi jambo ambalo Kiingereza kilikuwa kimelifunika. Tulikuwa tumepanga idadi ya watu tutakaowapata kabla hatujamjua hata mmoja kwa jina. Tulikuwa na fomu ya ripoti yenye safu ya "waliookoka", na chini yake nafasi ya jumla, kama daftari la mnunuzi wa kahawa anayepita kupima magunia.

Majuma mawili baadaye nilitakiwa kuwapigia wenyeji simu kuhakikisha kama barua imefika. Simu ilipokelewa na mke wa mchungaji. Katika Uganda yetu neno shikamoo halitumiki, nami nilikuwa nimelisoma darasani tu na kulijibia mtihani. Siku ile nililisema kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyestahili kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule Mganda anayejua Kiswahili?"

Mimi ni Mkiga, lakini sikumsahihisha. Aliniambia barua imefika na imesomwa kanisani. Maandalizi yalikuwa yakiendelea vizuri. Kila nyumba ya waumini ilikuwa imeandikiwa kuku mmoja au mkungu wa ndizi kwa ajili ya wageni 14, na wale wasio na kuku walikuwa wameshakopa kwa majirani. Aliyasema haya kwa furaha, kama mtu anayehesabu vyombo vya harusi. Mimi nilishikwa na baridi. Tulikuwa tumeandika katika barua za kuombea michango kwamba tunakwenda kuwasaidia watu hawa, kumbe walikuwa wanakopa kuku ili watulishe.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema yeye ni mzaliwa wa upande wa kaskazini mwa mto, karibu na mpaka. "Mwaka 1978 nilikuwa na miaka tisa. Tulivuka usiku, mama amembeba mdogo wangu mgongoni. Waganda wale hawakupiga hodi. Ninyi mmeandika barua. Mmefanya vizuri, mwanangu. Karibuni sana."

Ndugu msomaji, historia hii unaijua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera sasa ni sehemu ya Uganda. Watu waliuawa, mifugo na mali vikaporwa, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita vilivyofuata vilimwondoa Amin madarakani Aprili 1979. Sisi tuliozaliwa Uganda baadaye tunavisoma vita hivi kama mwisho wa Amin. Katika kijiji tunachokwenda, ni usiku ambao mtoto wa miaka tisa alivuka mto. Wazazi wetu pia wana kumbukumbu yao. Baba yangu aliposikia nimechagua Kiswahili chuoni aliniuliza kwa nini najifunza lugha ya askari. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani. Sasa mimi nakwenda kukitumia kuhubiria watu waliowakimbia askari walewale.

Mama yule alitusifu kwa kuandika barua. Sifa ile iliniumiza kuliko lawama, kwa sababu nilijua barua ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyeitafsiri. Haikuwa na alama hata moja ya kuuliza. Ilisema tutafika tarehe fulani, tutakuwa 14, tutafanya hili na lile. Yeye aliipokea kama hodi. Sisi tuliituma kama tangazo.

Hapo ndipo nilipoanza kulitafakari neno hodi, neno ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa katika somo la kwanza, kisha hatulifikirii tena. Anayepiga hodi anasimama nje. Anatoa sauti ili ajulikane ni nani. Anangoja. Desturi inasema ukipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, unaondoka. Neno lile dogo linakiri mambo kadhaa kwa pamoja: kwamba nyumba hii ina mwenyewe, kwamba mimi siye, na kwamba kuingia kwangu kunategemea neno la mwingine, yaani karibu. Anayesema hodi akiwa ameshakaa sebuleni hajapiga hodi.

Nadhani jibu la swali langu liko hapa. Haki ya kwenda kusema na watu wengine juu ya Mungu haitokani na ukweli wa tunachokisema, wala na pesa tulizotumia, wala na upendo tunaodai kuwa nao. Inatoka kwa mwenye nyumba. Ni yeye anayetupa. Tukiipata tunakuwa wageni, na mgeni ana mipaka. Tukijipa wenyewe, tunakuwa kitu kingine, hata kama mikononi tumeshika Biblia badala ya bunduki.

Najua kuna pingamizi, na wenzangu katika ushirika walinitolea. La kwanza ni hili: ukiona nyumba ya jirani inaungua, hupigi hodi; unavunja mlango. Kama tunaamini kwamba mtu asiyemjua Kristo yuko hatarini, tutasubirije ruhusa? Pingamizi hili lina nguvu, na sitaki kulidharau. Lakini anayevunja mlango lazima kwanza ahakikishe kwamba anachokiona ni moto, wala si moshi wa jikoni watu wakipika chakula chao cha jioni. Kagera si nchi isiyojua injili. Ni mkoa uliomtoa Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kufikia cheo hicho. Ni mkoa uliomtoa Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Watu wenye historia hii hatuwezi kuwaambia kwamba tumekuja kuwaletea Mungu. Labda tunaweza kwenda kuomba pamoja nao. Kati ya mambo hayo mawili kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo ingeonekana katika barua yetu kama tungekuwa tumefikiri kabla ya kuandika.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo nililitoa mimi mwenyewe. Katika desturi zetu za Kiafrika, nani anaweza kumnyima mgeni neno karibu? Mwenye nyumba atasema karibu hata kama hana unga. Atakopa kuku. Kwa hiyo karibu yake haitoshi kuthibitisha kwamba kweli anatutaka. Inaweza kuwa adabu tu, na mgeni mjanja anaweza kuitumia adabu ya mwenyeji kama ufunguo wa kumfungulia mlango.

Jibu langu ni kwamba hodi ya kweli lazima imwachie mwenyeji njia ya kusema hapana bila aibu. Usimuulize "Tuje?" kwa maana hawezi kukataa. Muulize "Mwezi huu mna kazi gani? Ni wangapi mnaoweza kuwapokea bila kukopa? Kuna jambo mnalotaka tufanye, na kuna jambo mnalotaka tusifanye?" Maswali haya yanampa nafasi. Yanachukua muda, na yanaweza kuvuruga ratiba na bajeti yote. Nadhani ndiyo sababu hatukuyauliza.

Nilimwomba mama mchungaji ruhusa ya kuwaambia wenzangu alichoniambia. Akasema, "Waambie." Niliwaambia katika mkutano wetu wa Jumatano. Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Kisha tukabishana kwa saa mbili, na mwishowe, kwa nia njema kabisa, tukaamua kupunguza idadi yetu kutoka 14 hadi 8 na kubeba chakula chetu wenyewe, ili tusiwe mzigo. Tulitoka tumeridhika sana na huruma yetu.

Nilipompigia mama simu kumweleza, sauti yake ilibadilika. "Tumekosea nini?" aliniuliza. Nikamweleza kwamba hatukutaka wakope kwa ajili yetu. Akasema, "Mwanangu, anayekataa kuku wangu ananiambia mimi ni maskini."

Niliona haya. Tulikuwa tumerudia kosa lilelile kwa sura nyingine. Mara ya kwanza tuliamua bila kuwauliza kwamba watatupokea. Mara ya pili tuliamua bila kuwauliza kwamba hawataweza kutupokea. Katika maamuzi yote mawili wao hawakuwa na kauli. Tena hii ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa namna fulani, kwa sababu ilivaa nguo za huruma. Kutoa ni rahisi. Anayetoa hukaa juu. Kupokea kunataka unyenyekevu, kwa sababu anayepokea anakuwa na deni. Nikakumbuka kwamba Yesu alipowatuma wanafunzi wake 70 wawili wawili, hakuwaambia wabebe mizigo ya misaada. Aliwakataza hata mfuko wa pesa na viatu, akawaambia wale chochote watakachowekewa mezani. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu utotoni kama fundisho la kumtegemea Mungu. Sasa naona ilikuwa pia namna ya kuwafanya wategemee watu waliokwenda kuwahubiria. Aliwatuma wakiwa wageni wasio na kitu. Sisi tulikuwa na maboksi 11 ya nguo.

Ndipo nikauliza swali ambalo tungeuliza miezi mitatu iliyopita. "Mama, ninyi wenyewe mngependa tuje vipi?"

Alicheka, akasema hilo ni la wazee. Baada ya siku nne mchungaji mwenyewe alinipigia na majibu ya baraza la kanisa. Tuje 10, kwa maana vitanda vya kuazima ni 10. Tukae siku saba. Kuku watachinjwa, na hilo halina mjadala. Kazi ya rangi tuiache, kwa sababu kuna vijana wa kanisa ambao ni mafundi rangi na wanaitegemea kazi hiyo. Kwa kuwa ni msimu wa kahawa, mchana tutachuma kahawa pamoja na wenyeji katika mashamba ya wajane wawili. Jioni kutakuwa na ibada. Wainjilisti wao watahubiri jioni mbili, na sisi mbili, na jioni zinazobaki ni za kuimba na kushuhudia. Wazee wengi wanakijua Kiganda, kwa hiyo tulete nyimbo za Kiganda.

"Na zile nguo?" niliuliza.

"Kama ni nzuri, zivaeni," alisema.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku zote nilidhani methali hii ni ya kumfukuza mgeni kwa upole. Sasa naiona kwa jicho jingine. Anayepewa jembe amekubaliwa. Ameacha kuwa mtu wa kukaliwa na kutazamwa, amekuwa mtu wa nyumbani kidogo. Wenyeji wetu hawakuingoja siku ya tatu. Walitupa jembe kwa simu.

Isisemekane kwamba mabadiliko haya hayakuwa na gharama. Wenzetu wanne wamebaki. Walikuwa wameshachanga na kuwaaga watu wa nyumbani. Mmoja alilia. Aliniuliza kama ningekuwa mwepesi hivyo wa kuzungumzia haki za wenyeji kama jina langu lingekuwa miongoni mwa yanayokatwa. Alisema kweli. Mkalimani hakatwi. Ni rahisi kudai wengine wapungue ukijua wewe utabaki. Sina la kujitetea, isipokuwa kwamba nimemwomba msamaha.

Kabla ya kumaliza nataka kumtaja mtu mmoja ambaye hutajwa sana katika makanisa yetu, Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda aliyefika Boga, ambayo leo iko Kongo, mwaka 1896. Huko alifungwa minyororo na kupigwa, na bado akarudi. Alifanya kazi pia na Wambuti wa msituni. Alifariki Boga mwaka 1933. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, badala ya mashariki walikokuwa watu wake. Tukimweka Apolo kando yetu sisi wa siku saba, tunaonekana wadogo sana. Lakini simtaji ili tujidharau. Namtaja kwa sababu ya siku ya nane. Sisi tutakapokuwa kwenye basi tukirudi Kampala, mtu aliyesikia neno letu jioni atakuwa na swali asubuhi, na hatatukuta. Atamkuta mchungaji wake na mama yule. Apolo aliweza kuyajibia maneno yake mwenyewe kwa sababu alibaki. Asiyebaki anapaswa kusema maneno machache zaidi, tena yale ambayo wanaobaki wamekubali kuyabeba. Kwa hiyo nimemwomba kiongozi wetu tuiache ile fomu yenye safu ya waliookoka. Amesema atafikiria.

Mimi kama mkalimani nina fungu langu katika jambo hili. Zamani nilidhani kazi yangu ni kupitisha maneno tu, kama bomba linavyopitisha maji. Ile sentensi ya roho 100 imenifundisha kwamba neno likipita mdomoni mwangu, nami nalijibia. Mhubiri wetu akisema jambo ambalo kwa masikio ya watu wa Kagera ni tusi au tishio, sitaweza kujificha nyuma ya Kiingereza chake. Nimeshamwambia hivyo, naye amekubali tuketi pamoja kila mchana tupitie atakayoyasema.

Kwa hiyo narudi kwenye swali langu. Mtu ana haki ya kwenda? Ndiyo, akiwa ameuliza, akaitikiwa, na akakubali kuwa mgeni: kula anachopewa, kushika jembe anapopewa, na kutaja makosa yake kabla ya ya wenzake, kama walivyofanya wale waliokuja Kabale mwaka 1935. Hapo siku saba si chache. Bila hayo, hata miaka 70 ni mingi mno.

Alhamisi tutavuka Mutukula, na jioni tutapita juu ya daraja la Kyaka. Mama mchungaji ameniambia kwamba nyumba yao iko kando ya barabara na mlango huwa wazi mchana kutwa, kwa hiyo tusihangaike, tuingie tu. Nimewaambia wenzangu kwamba hata ukiwa wazi, tutasimama nje.